Askari wa Risasi na Ukweli wa Historia
Habari za mfano wa vita vya Waterloo

Katika masomo ya historia tumezoea vitabu, barua za zamani, na mawe ya makaburi. Leo twataka kuwaonyesha chombo kingine cha historia, ambacho wengi hukihesabu kuwa mchezo wa watoto tu. Ni askari wadogo wa risasi na bati, waliopakwa rangi na kupangwa mezani. Katika inchi za Ulaya na Marekani kuna watu wazima wengi, walimu, waganga, wafanyakazi wa ofisi, wanaojifunza kwa bidii mavazi ya majeshi ya karne ya 19. Wanawapaka askari hao rangi kwa burashi nyembamba, kisha wanacheza nao vita vya zamani kwa kufuata kanuni zilizoandikwa.

Mtu asiyejua atacheka. Lakini mambo ya askari hao yana fundisho kubwa juu ya ushuhuda na juu ya kazi ya mwandishi wa historia. Fundisho hilo twaliona wazi katika maisha ya Mwingereza mmoja, William Siborne, aliyetengeneza mfano wa vita vya Waterloo, akapata taabu nyingi kwa ajili yake. Tutaeleza kwanza asili ya askari hao na ya mchezo wao, kisha kazi ya kuwapaka rangi, kisha habari za Siborne mwenyewe. Mwishoni tutatafuta faida yetu.

I. ASILI YA ASKARI WADOGO

Kutengeneza sanamu ndogo za askari ni desturi ya zamani. Lakini biashara yake ilikua hasa katika mji wa Nuremberg, katika inchi ya Udachi. Mwaka 1775 hivi fundi mmoja jina lake Johann Gottfried Hilpert aliuza askari wa bati walio bapa kama jani. Waliyeyusha bati, wakaimimina ndani ya kalibu ya jiwe iliyochongwa, na askari akatoka. Mwaka 1839 fundi mwingine wa mji ule ule, Ernst Heinrichsen, alifungua kazi yake. Baadaye alichagua kipimo kimoja cha milimeta 30 kwa urefu wa mtu. Mafundi wengine walimfuata, na hivyo mtoto aliweza kununua askari popote, nao wote wakalingana. Huko London, mwaka 1893, nyumba ya William Britain ilianza kutengeneza askari wenye uwazi ndani. Risasi iliyotumika ilipungua, bei ikashuka, na watoto wengi zaidi wakapata majeshi yao.

Wakati huohuo wakubwa wa majeshi walikuwa na mchezo wao. Mwaka 1824 luteni mmoja wa Prusia, jina lake von Reisswitz, alionyesha mchezo ambao baba yake aliuanzisha, naye mwenyewe akautengeneza upya. Walitandaza ramani kubwa mezani. Vipande vidogo vya rangi nyekundu na samawi vilikuwa mahali pa vikosi. Kila zamu ilikuwa na maana ya dakika mbili za vita. Dadu zilionyesha bahati ya risasi na mizinga, na mwamuzi alisimama katikati. Mchezaji hakuruhusiwa kujua mambo yote ya adui. Alijua tu yale ambayo askari wake wangeweza kuyaona. Jenerali von Müffling, mkubwa wa ofisi kuu ya jeshi la Prusia, alipoutazama mchezo huo alishangaa, akaamuru ufundishwe katika jeshi. Tulishike jina la Müffling, maana mwaka 1815 yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa Waprusia kwa Wellington, na siku ya Waterloo alikuwa pale pale.

Mwaka 1913 mwandishi wa hadisi H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars. Alieleza namna ya kucheza vita sakafuni kwa askari wa watoto na mizinga midogo inayorusha vipande vya mti. Mwenyewe alisema kwamba vita vidogo vya namna hiyo ni afazali kuliko vita vyenyewe, sababu havimwagi damu ya mtu. Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Agosti 1914, majeshi ya Wadachi yaliingia Ubeleji, na watu wakaona tena vita vyenyewe. Nyuma ya vita vikubwa vya pili mchezo ulipata nguvu mpya. Kitabu cha Donald Featherstone, War Games, kilichotoka mwaka 1962, kiliwafundisha wengi, na tangu pale wachezaji wameongezeka katika inchi nyingi.

II. KAZI YA KUPAKA RANGI

Tutazame sasa kazi yenyewe. Askari wa leo mara nyingi ana urefu wa milimeta 28 hivi. Kwanza fundi anamsugua kwa tupa ndogo ili kuondoa mabaki ya kalibu, kisha anamwosha kwa sabuni na kumkausha. Anamgandisha juu ya kijiti ao kifuniko cha chupa, apate kumshika bila kumgusa. Ndipo anampaka rangi ya kwanza, nyeusi ao nyeupe, ambayo inashika madini vizuri. Baada yake anatia rangi nzito za koti na suruali. Anapitisha rangi nyepesi kama maji, ya giza, ili iingie katika mikunjo ya nguo, na rangi nyeupe zaidi juu ya mikunjo ile, ili mwanga uonekane. Nyuma yake mikanda, vifungo, uso na mikono. Mwishoni anatia vernisi, anamsimamisha juu ya kipande cha kadi chenye gundi na mchanga, na kazi imekwisha. Lakini imekwisha kwa mtu mmoja tu! Kwa kanuni nyingi, askari mmoja wa risasi ni badala ya watu 20 hivi. Basi kikosi cha watu 500 chataka askari 25, na jeshi zima lataka mamia.

Uvumilivu huo ni mzuri, lakini taabu kubwa ya fundi ni kujua rangi gani yafaa. Katika vita vya mwanzo wa karne ya 19 moshi wa baruti ulifunika shamba lote. Kwa sababu hiyo makoti yalikuwa na rangi kali, ili kila mtu awajue wenzake. Waingereza wa miguu walivaa koti jekundu, na kola na mapindo ya mikono yalikuwa na rangi mbalimbali kwa kila rejimenti. Wafaransa walivaa samawi yenye kifua cheupe. Waprusia walivaa samawi ya giza. Lakini mavazi ya gwaride ni mengine, na mavazi ya safari ni mengine. Usiku wa tarehe 17 Juni 1815 mvua kubwa ilinyesha Waterloo. Asubuhi yake askari walikuwa wamelowa na kujaa matope, na wengi wa askari wa ulinzi wa Napoleon walipigana wakiwa na makoti yao makubwa ya baridi. Wanamgambo wa Prusia walioitwa Landwehr hawakuwa na mavazi yaliyolingana. Alama yao ilikuwa msalaba juu ya kofia, uliowekwa mwaka 1813. Fundi anayewapaka wote rangi safi kama siku ya sikukuu anapendeza macho, lakini hasemi kweli.

Mtu asidhani kwamba rangi ya koti ni jambo dogo. Tarehe 16 Juni 1815, siku mbili mbele ya Waterloo, walipigana pahali paitwapo Quatre Bras. Wabeleji wapanda farasi wa rejimenti ya 5 walivaa makoti ya kijani, na wapanda farasi wa Wafaransa waliopigana nao walivaa kijani vilevile. Wabeleji waliporudi nyuma, askari wa Scotland waliwazania kuwa adui, wakawapiga risasi. Hata Waterloo yenyewe, jioni, Waprusia waliofika karibu na shamba la Papelotte waliwapiga risasi watu wa Nassau, rafiki zao, kwa kuwazania Wafaransa. Watu walikufa kwa mikono ya wenzao kwa sababu ya rangi ya nguo. Ndiyo sababu fundi mwenye akili hapaki kola ya askari mpaka amesoma.

III. SIBORNE NA MFANO WAKE

Turudi kwa Waterloo. Siku ya Mungu, tarehe 18 Juni 1815, Napoleon alikuwa na watu karibu 72,000. Wellington alikuwa na watu karibu 68,000 juu ya kilima cha Mont-Saint-Jean. Katika hao, Waingereza walikuwa sehemu moja kati ya tatu hivi. Wengine walikuwa watu wa Hanover, wa Brunswick, wa Nassau, pia Waholandi na Wabeleji, maana wakati ule Ubeleji ulikuwa sehemu ya ufalme wa Uholandi mpaka mwaka 1830. Toka saa kumi na nusu ya mchana Waprusia wa Blücher walianza kumpiga Napoleon ubavuni, hasa katika kijiji cha Plancenoit, ambako walipigana hata ndani ya makaburi na kuzunguka kanisa. Jioni Waprusia waliofika walikuwa karibu 50,000. Saa moja ya jioni Napoleon aliwatuma askari wake wa ulinzi kupanda kilima. Wakarudishwa nyuma, na jeshi lake likavunjika. Katika siku moja zaidi ya watu 40,000 waliuawa ao kujeruhiwa.

William Siborne, aliyezaliwa mwaka 1797, hakuwapo siku ile. Alifika Ufaransa baadaye, pamoja na jeshi lililokaa kule nyuma ya ushindi. Alikuwa fundi wa kupima inchi na kuchora ramani, naye aliandika vitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka 1830 wakubwa wa jeshi la Waingereza walimwamuru atengeneze mfano wa shamba la vita. Siborne akaenda kukaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati kabisa ya pahali pa vita, akapima kila kilima na kila njia. Kazi haikuwa rahisi. Mbele yake, kati ya mwaka 1823 na 1826, udongo mwingi wa kilima ulikuwa umechukuliwa ili kujenga kile kilima kikubwa chenye simba juu yake, ambacho hata leo mgeni anakipanda kwa ngazi 226. Basi ilimpasa kutafuta namna inchi ilivyokuwa mbele ya kuchimbwa.

Nyuma ya kupima inchi, yalibaki maswali juu ya watu. Kila kikosi kilisimama wapi? Siborne alichagua saa moja, ile saa moja ya jioni, askari wa ulinzi wa Napoleon walipokaribia. Kisha akafanya jambo ambalo mbele yake ni wachache waliolifanya kwa ukubwa huo: aliwaandikia maofisa waliokuwa hai bado. Aliwauliza: Kikosi chako kilikuwa kimepangwa namna gani saa ile? Adui aliye mbele yako alikuwa amepangwa namna gani? Na katika shamba lile kulikuwa na mazao gani? Mamia ya barua zikamrudia. Nyingine zilichapishwa na mwanawe mwaka 1891, na hata leo ni hazina kwa wanaosoma vita hivyo. Siborne aliwaandikia Waprusia pia, nao wakamjibu.

Serkali ililipa mwanzoni, lakini mwaka 1833 ilikataa kutoa feza tena. Siborne hakuacha. Aliendelea kwa feza yake na kwa madeni, huku akifanya kazi ya ofisi ya jeshi huko Dublin. Mwaka 1838 mfano ulimalizika, ukaonyeshwa London, katika nyumba iitwayo Egyptian Hall. Ulikuwa na upana wa karibu meta 6 kwa kila upande, na juu yake zaidi ya askari 70,000, kila mmoja na urefu wa milimeta 10 hivi, wote wamepakwa rangi. Watu karibu 100,000 walikuja kuutazama, kila mmoja akitoa shilingi moja. Lakini Siborne mwenyewe alipata faida kidogo, na madeni yakabaki.

IV. WAPRUSIA WALIOONDOLEWA MEZANI

Hapa ndipo shauri kubwa lilipotokea. Siborne alifuata majibu aliyopata, akaweka Waprusia wengi sana upande wa Plancenoit. Anayetazama mfano aliona wazi kwamba, Wellington alipokuwa akiwarudisha askari wa ulinzi wa Napoleon, Waprusia walikuwa wamekwisha kumshika Napoleon ubavuni na nyuma. Ushindi ulikuwa wa majeshi mawili. Lakini katika Uingereza ya siku zile watu walipenda kusikia kwamba ushindi ni wao. Siborne alijulishwa kwamba mfano wake unawapa Waprusia sifa kubwa kupita kiasi, na kwamba Wellington hapendezwi nao.

Ni jambo la kushangaza, kwa sababu Wellington mwenyewe, katika barua yake ya tarehe 19 Juni 1815, kesho yake ya vita, alikiri kwamba msaada wa Blücher na wa Waprusia ulileta ushindi wa siku ile. Aliyoyasema wazi siku moja nyuma ya vita, hakutaka yaonyeshwe kwa askari wa risasi miaka 20 baadaye. Wazee wetu walisema: Mwamba ngoma huvuta ngozi kwake.

Lakini mwenye haki husikiliza pande mbili. Wellington alikuwa na neno lingine la maana. Alisema kwamba mfano wafaa kuonyesha dakika moja tu ya vita, na kwamba anayetazama mfano huu atafikiri majeshi yote, bila akiba yoyote, yalipigana kwa dakika moja. Katika hilo alikuwa na sababu. Maofisa walioandikiwa walikuwa wamezeeka kwa miaka 20. Kila mmoja aliikumbuka zaidi saa ya utukufu wa kikosi chake, akaipeleka kwenye saa aliyoulizwa. Mashahidi wanaweza kusema kweli wote, na bado mambo yao yakiunganishwa vibaya yanatoa picha isiyo ya kweli.

Mwishoni Siborne alikubali kuondoa sehemu kubwa ya Waprusia wake. Wanahistoria hawapatani juu ya sababu. Wengine wasema alilazimishwa, kwa kuwa alikuwa mzaifu, mwenye madeni, mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko wote katika jeshi. Wengine wasema alisadiki kwamba amewaweka pahali pasipo pao kwa saa ile. Labda mambo yote mawili yalikuwamo. Nyuma yake, mwaka 1844, alionyesha mfano wa pili, mkubwa zaidi kwa kipimo, na huo unaonyesha vita karibu na saa nane ya mchana, saa ambayo Waprusia hawajaingia vitani bado. Mwaka ule ule alitoa kitabu chake kikubwa cha historia ya vita hivyo. Alikufa mwaka 1849, akiwa bado katika shida ya feza. Mwaka 1851 mfano wa kwanza ulinunuliwa kwa michango ya maofisa, na leo uko London katika muzeo wa jeshi la Waingereza.

V. WABELEJI NA WAHOLANDI

Kuna watu wengine ambao Siborne hakuwatendea haki, na hao hawakuwa na mkubwa wa kuwatetea London. Ni Waholandi na Wabeleji. Maofisa wa Waingereza aliowaandikia waliwazarau askari hao, na wengi wao walikuwa wametumikia Napoleon miaka michache mbele. Siborne alisikia hasa upande mmoja. Katika kitabu chake aliwaonyesha kama watu waliokimbia, hasa brigedi ya Bylandt, ambayo ndani yake mlikuwa Waholandi pamoja na kikosi cha 7 cha Wabeleji.

Brigedi ile ilikuwa imepigana Quatre Bras siku mbili mbele, ikapoteza watu wengi. Tena, kama maofisa wao wasingalikataa kufuata amri ya kuondoka, njia panda ya Quatre Bras ingaliachwa kwa Wafaransa bila vita. Tarehe 18 brigedi hiyohiyo ilipata pigo la kwanza la jeshi kubwa la d'Erlon, ikasukumwa nyuma. Na jioni, askari wa ulinzi wa Napoleon walipopanda kilima, mizinga ya Krahmer, Mbeleji, iliwapiga kwa karibu, na brigedi ya Detmers ikawashambulia. Haya yote yalipata pahali padogo sana katika kitabu cha Siborne.

Waholandi hawakunyamaza. Mwaka 1846 ofisa wao Knoop aliandika kumjibu Siborne. Mwaka 1879 jenerali Mbeleji Eenens alitoa kitabu cha kuwatetea askari wa Waholandi na Wabeleji. Lakini kitabu kilichotoka kwanza, katika luga inayosomwa na wengi, kina nguvu. Maneno ya Siborne yalirudiwa miaka zaidi ya mia, na hata yaliingia katika michezo ya mezani. Katika kanuni nyingi za zamani, askari Mbeleji wa risasi alipewa namba ndogo ya uhodari, akakimbia kwa dadu kidogo tu. Mchezaji aliyewapaka rangi kwa miezi mitatu aliwaona wakikimbia katika zamu ya kwanza, akaamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Kumbe, wachezaji haohao wamesaidia kusahihisha jambo. Anayetaka kupaka jeshi lote la Wellington hawezi kuwapaka Waingereza peke yao. Inampasa kujua kila kikosi, jina lake, hesabu ya watu wake, na mavazi yake. Atakuta kwamba Mholandi na Mbeleji walivaa koti samawi lilelile lenye kola nyeupe, lakini kofia ya Mbeleji ilifanana na ile ya Mwingereza, na ya Mholandi ilikuwa ya namna nyingine. Akitafuta kofia, anakuta kikosi. Akitafuta kikosi, anakuta ripoti ya ofisa wake na hesabu ya waliokufa. Hapo anaanza kuuliza: Kama walikimbia wote, hawa walikufa wapi? Baadhi ya kanuni mpya zimewapa Wabeleji na Waholandi namba zinazolingana zaidi na ripoti zao. Swali dogo la kofia limefungua mlango wa haki.

VI. FAIDA YETU

Mtu ataweza kuuliza: Yafaa kweli kucheza kwa jambo la damu? Swali ni zuri. Askari wa risasi akianguka, mchezaji anamrudisha sandukuni, na kesho anasimama tena. Wale 40,000 wa Waterloo hawakurudishwa sandukuni. Mchezaji anayesahau tofauti hiyo ameharibikiwa. Lakini yule anayepaka sura moja moja, na kujua jina la kikosi chake na hesabu ya wafu wake, labda anakumbuka zaidi kuliko yule anayesoma haraka kwamba fulani alishinda na fulani alishindwa.

Faida yetu kubwa ni nyingine. Wengi wetu, mapadri, wasemineri na wakatekista, tumepewa ao tutapewa kazi ya kuandika mambo ya zamani: kitabu cha misioni, habari za mwanzo wa parokia, historia ya ukoo ao ya kijiji. Kila mwandishi wa namna hiyo ana meza mbele yake kama Siborne, na ni yeye anayepanga watu juu yake. Tushike mambo matatu.

La kwanza: tuwaulize waliokuwapo, tena tuwaulize jambo moja moja. Siborne hakuuliza, Nieleze vita. Aliuliza: Ulisimama wapi saa hii, na mbele yako kulikuwa na nini? Mzee akiulizwa hivyo anasema aliyoyaona. Akiulizwa kwa ujumla, anasema aliyoyasikia kwa wengine. Na tulinganishe saa za mashahidi, tusichanganye asubuhi ya mmoja na jioni ya mwingine.

La pili: tuwaulize pia wale wasio rafiki zetu. Siborne aliwaandikia Waingereza wengi na Waprusia, lakini Wabeleji na Waholandi hakuwasikiliza inavyopasa, na hapo ndipo kitabu chake kilipoanguka. Anayeandika habari za shauri kati ya vijiji viwili bila kuvuka mto kwenda kijiji cha pili ameandika nusu tu.

La tatu: tutazame ni nani asiyekuwamo mezani. Katika vitabu vingi vya misioni zetu twakuta jina la padri aliyejenga kanisa, mwaka alioweka jiwe la kwanza, na askofu aliyelibariki. Je, wakatekista waliofika kijijini miaka mitano mbele ya padri wako wapi? Waliochoma matofali, waliobeba miti ya paa, wanawake waliowapikia mafundi, majina yao yako wapi? Pengine hakuna mtu aliyewaondoa kwa makusudi. Hakuna aliyewauliza, basi. Lakini kwa yule atakayesoma nyuma yetu, matokeo ni yale yale: hawakuwapo.

Wazee waliobatizwa zamani wanakufa mwaka kwa mwaka, na majibu yao yanakwenda pamoja nao. Siborne alianza kuandika barua zake miaka 20 nyuma ya vita, na wengi walikuwa wamekufa. Aliwapata waliobaki kwa sababu aliharakisha kuwaandikia. Nasi tuchukue karatasi na kalamu, tuwaendee wazee wetu mapema, tukae nao, na tuwaulize: Wewe ulisimama wapi?